Riwaya za kesho iliyobanwa: zinaonya nini, na zinamwonya nani?

Swali: Mwalimu wa fasihi wa skuli moja ya sekondari iliyopo Wete, Pemba, ameuliza hivi: "Assalamu alaykum. Wanafunzi wangu wa Kidato cha Sita wameisoma riwaya ya George Orwell iitwayo Nineteen Eighty-Four, kisha wakaniuliza: ikiwa mwaka 1984 ulipita na dunia haikuwa kama alivyoandika, onyo lake liko wapi? Mzazi mmoja naye amelalamika kwamba vitabu vya namna hii vinawafundisha vijana kuiona kila serikali kuwa ni adui. Nini niwajibu? Na je, sisi Waswahili tunazo riwaya za aina hii, na mimi nianze kufundisha ipi?"

Jibu: Wa alaykumu salaam, Mwalimu. Wanafunzi wako wameuliza swali zuri, na nakuomba uwaambie hivyo, kwa sababu wapo wahakiki wengi waliosoma riwaya za distopia, yaani zile zinazobuni nchi ambayo watu wake wamebanwa kila upande, kana kwamba ni falaki, wakahesabu lipi limetokea na lipi halikutokea, kisha wakampa mwandishi alama kama mtabiri. Onyo halipimwi kwa kipimo cha utabiri. Hakuna nahodha atakayeulaumu mnara wa taa wa Ras Kigomasha kwa kuwa jahazi lake limepita salama na mwamba haukuligusa. Riwaya iliyochapishwa Juni 1949 ikatumia mwaka uliokuwa bado mbali haikumuahidi msomaji kwamba mambo yatakuwa hivyo. Ilimuonesha namna yanavyoweza kuwa, na muhimu zaidi, ilimuonesha kwa hatua zipi watu hufikishwa huko.

Orwell hakuzitoa hatua hizo kichwani mwake. Alizaliwa India mwaka 1903, na kuanzia 1922 hadi 1927 alikuwa ofisa wa polisi wa kikoloni huko Burma, kwa hiyo aliijua serikali isiyoulizwa na anaowatawala kwa kuitumikia mwenyewe. Alipokwenda kupigana Hispania mwishoni mwa 1936 aliyaona magazeti yakisimulia mapigano makubwa mahali ambapo hapakupiganwa, na yakinyamazia mahali ambapo mamia ya watu walikufa. Baina ya 1941 na 1943 alifanya kazi ya matangazo ya redio ya Uingereza kwa wasikilizaji wa India, kazi ambayo kila maandishi yake yalipita kwanza mikononi mwa wakaguzi. Mkewe, Eileen, mwanzoni mwa vita alikuwa mfanyakazi wa idara ya serikali iliyoshughulika na udhibiti wa habari. Mtu wa aina hii akiandika kuhusu Wizara ya Ukweli inayozalisha uongo, anaandika jambo alilolishika kwa mkono wake, na alichofanya ni kulisogeza mbele ili lionekane lote kwa mara moja.

Sasa waombe vijana waitazame kazi ya Winston Smith, mhusika mkuu wa riwaya na mfanyakazi wa wizara hiyo, kwa sababu hapo ndipo moyo wa riwaya ulipo, na wasomaji wengi hupapita haraka wakikimbilia vyumba vya mateso. Winston si mtesaji wala si mpelelezi. Ni karani. Kila siku huletewa vikaratasi vinavyomuelekeza habari gani ya gazeti la zamani irekebishwe ili ilingane na inayosemwa leo. Akishairekebisha, toleo jipya huchapishwa na kuwekwa katika hifadhi, na la zamani hutupwa katika tundu la ukutani linaloelekea kwenye tanuri. Serikali ikiahidi kwamba mgao wa chokoleti hautapunguzwa, kisha ukapunguzwa, kosa la ahadi hiyo halitaonekana popote kwa sababu maandishi yenyewe yatakuwa yamebadilishwa. Fikiria maana yake, Mwalimu. Mtawala wa kawaida humuadhibu anayesema kwamba jana uliahidiwa hivi na leo umepewa vile. Mtawala wa riwaya hii huiondoa jana yenyewe, na baada ya hapo hana haja kubwa ya kumuadhibu mtu, kwa kuwa anayelalamika hana pa kulipatia shahidi lalamiko lake, na mwisho yeye mwenyewe huanza kuishuku kumbukumbu yake.

Kamusi ya lugha rasmi ya nchi ile nayo hufanya kazi hiyo hiyo kwa njia nyingine, kwani kila toleo jipya lina maneno machache kuliko lililotangulia, na lengo lake limeelezwa wazi na mmoja wa waandalizi wake: siku moja fikra ya uasi isiwezekane, kwa kuwa hapatakuwa na maneno ya kuifikiria. Na kuna sentensi fupi karibu na mwanzo wa kitabu ambayo huwa nawasomesha wanafunzi wangu kwa utaratibu sana: Winston anapoanza kuandika shajara, mwandishi anatueleza kwamba kitendo hicho hakikuwa kinyume cha sheria, kwa sababu sheria hazikuwepo tena. Ukikamatwa utauawa au utafungwa kazi ngumu, lakini hakuna kifungu ulichokivunja. Tutarudi kwenye sentensi hii nitakapofika kwa mzazi wako.

Kabla ya Orwell alikuwepo Yevgeny Zamyatin, mhandisi wa meli wa Kirusi ambaye wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia alipelekwa Uingereza kusimamia ujenzi wa meli za kuvunja barafu. Riwaya yake, ambayo jina lake kwa Kirusi maana yake ni "Sisi", aliiandika 1920 na 1921. Katika nchi aliyoibuni watu hawana majina, wana namba. Nyumba zao ni za kioo, na mapazia huteremshwa kwa kibali na kwa saa zilizowekwa. Kula, kufanya kazi na kulala vimepangwa kwa ratiba moja ya taifa zima. Mwishoni serikali inagundua kwamba ugonjwa unaowafanya raia wake wasitulie ni uwezo wa kuwaza visivyokuwepo, basi inaanzisha upasuaji wa kuuondoa. Nchini kwao kitabu hicho kilizuiwa, kikatoka kwanza kwa Kiingereza New York mwaka 1924, na wasomaji wa Urusi hawakukipata kwa chapa ya wazi hadi 1988. Mwenyewe aliwahi kufungwa na serikali ya mfalme wa Urusi mwaka 1905, akakamatwa tena na serikali ya mapinduzi mwaka 1922. Mwaka 1931 alimwandikia Stalin barua ya kuomba ruhusa ya kuondoka, akakubaliwa, na akafariki Paris mwaka 1937. Nakutajia vifungo vyake viwili kwa makusudi, ili vijana wasije wakadhani kwamba riwaya hizi ni silaha ya chama fulani dhidi ya chama fulani. Aliyeandika ya kwanza alikwishaonja jela ya pande zote mbili.

Lakini nakusihi usiishie kwenye serikali peke yake, kwa sababu nusu ya onyo inatuhusu sisi wasomaji. Katika riwaya ya Ray Bradbury, Fahrenheit 451, ya mwaka 1953, wazimamoto kazi yao ni kuchoma vitabu, na msomaji hungojea kuambiwa ni dikteta gani aliyeanzisha amri hiyo. Mkuu wa kikosi anapoieleza historia, jibu lake linatisha zaidi: watu wenyewe ndio walioanza kuacha kusoma, kila kundi likataka kinacholiudhi kiondolewe, vitabu vikafupishwa na kufupishwa tena, na serikali ikaja mwisho kukamilisha kazi iliyokwishafanywa. Yaliyokipata kitabu hicho ni ushahidi wa maneno yake. Kuanzia 1967 mchapishaji alitoa chapa ya skuli ambayo vifungu vipatavyo 75 vilikuwa vimebadilishwa kimyakimya, na mwandishi hakulijua jambo hilo mpaka mwaka 1979, ndipo maandishi yake yaliporudishwa. Hakuna waziri aliyeagiza. Vivyo hivyo mwaka 1944, Orwell alipokuwa akitafuta wa kumchapishia Animal Farm, hadithi ya wanyama inayowakejeli watawala wa Urusi, wachapishaji kadhaa wa London walimkatalia; Urusi ilikuwa mshirika wa Uingereza vitani, na mmoja wao aliyekuwa amekwishaonesha nia alirudi nyuma baada ya kushauriwa na ofisa wa serikali. Sheria ya kukizuia kitabu hicho haikuwepo. Ushauri tu ulitosha, na kitabu kilitoka Agosti 1945 vita vilipokwisha Ulaya.

Sasa nije kwetu, kwa kuwa umeuliza kama tunazo riwaya hizi, na kwa sababu kijana wa Pemba anayo haki ya kuambiwa kwamba habari hii haikuanzia wala haikukomea Ulaya. Miaka mitano tu baada ya riwaya ya Orwell kutoka, yaani mwaka 1954, serikali ya Kiingereza hapa Zanzibar iliwashitaki kwa uchochezi viongozi wa Jumuiya ya Waarabu kwa sababu ya makala zilizochapishwa katika gazeti lao la Al-Falaq, wakatiwa hatiani, na wajumbe wa jumuiya hiyo wakalisusia Baraza la Kutunga Sheria. Baada ya uhuru na Mapinduzi, waandishi wetu waliandika kuhusu woga wa dola kwa uhalisia zaidi kuliko kwa sayansi ya kubuni, yaani hadithi za mitambo na miaka ya mbele. Haini ya Adam Shafi, iliyotoka 2003, inasimulia kamatakamata na maisha ya kizuizini yaliyofuata kuuawa kwa Mzee Abeid Amani Karume tarehe 7 Aprili 1972, na mwandishi mwenyewe alikuwa miongoni mwa waliowekwa ndani wakati huo. Mtu aliyeyapitia hayo hakuwa na haja ya kubuni mwaka wa mbali. Mzaliwa wa Pemba, Said Ahmed Mohamed, katika Babu Alipofufuka ya 2001, alimtoa kaburini babu wa mkubwa mmoja aitwaye K ili amtembeze mjukuu wake na kumuonesha nchi ilivyogeuzwa. Mzungu humpeleka msomaji mbele ili autazame wakati wake. Said Ahmed Mohamed amemrudisha aliyetangulia, na kazi inayofanyika ni ile ile, kwani anachokuja kukifanya babu ni kuilinganisha jana na leo mbele ya mtu asiyetaka zilinganishwe.

Iliyo karibu zaidi na sayansi ya kubuni kwa Kiswahili, kwa maoni yangu, ni Walenisi ya Katama Mkangi, ya mwaka 1995. Mhusika wake, Dzombo, anahukumiwa na watawala wa nchi yake na kutiwa katika chombo cha kurushwa angani kilichokusudiwa kumuangamiza, lakini anafika katika nchi ya haki na usawa, na huko ndiko anakojifunza ni mambo mangapi ya kwao aliyafikiria kuwa ni ya kimaumbile kumbe yamepangwa na watu. Mkangi aliwekwa kizuizini Kenya katika miaka ya 1980. Mwenziwe, Ngũgĩ wa Thiong'o, alitoa kwa Kigikuyu riwaya ya Matigari mwaka 1986, na wakuu wa usalama waliposikia kwamba wakulima wanamzungumza mtu anayezunguka nchi akiuliza haki na ukweli viko wapi, iliagizwa akamatwe. Ilipobainika kuwa mtu huyo ni mhusika wa kitabu, mwaka 1987 polisi walipita madukani wakakikusanya kitabu chenyewe. Wanafunzi wako wakikuuliza tena kama hadithi ya kubuni inaweza kuishughulisha dola, wasimulie hili.

Nafika kwa mzazi wako, na sitaki alalamikapo apuuzwe, kwa sababu ana hoja. Si kila udhibiti ni uonevu. Mwaka 1994 nchini Rwanda redio ya RTLM ilitaja majina ya watu na kuwahimiza wasikilizaji wakawaue, na hakuna mwenye akili timamu atakayesema kwamba kuinyamazisha kungekuwa dhulma. Mtoto mdogo naye ana haki ya kukingwa na picha asizopaswa kuziona. Swali ambalo riwaya hizi zinatufundisha kuliuliza si kama serikali ina mkono, maana serikali isiyo na mkono haiwezi kumlinda mnyonge. Swali ni nani anauzuia mkono huo unapozidi. Hapo ndipo tunapoirudia sentensi ya Orwell kuhusu nchi isiyokuwa na sheria. Unaponyimwa kusema, je, ipo sheria iliyoandikwa kabla hujasema? Sababu imetolewa hadharani? Ipo mahakama unayoweza kuiendea, na imewahi kuiambia serikali kuwa imekosea? Zuio lina mwisho? Raia anayeuliza maswali haya haifanyii serikali uadui. Anaitaka ifuate ilichojiandikia yenyewe. Katiba ya Zanzibar ya 1984, katika kifungu cha 18, inamhakikishia kila mtu uhuru wa kutoa maoni na wa kutafuta na kupokea habari, na kijana anayekijua kifungu hicho ni raia bora kuliko asiyekijua.

Kwa vipimo hivyo hivyo darasa linaweza kuzijadili sheria zetu bila ya kumtukana mtu. Magazeti na vitabu Zanzibar vinasimamiwa na Sheria Namba 5 ya mwaka 1988, na chini ya utawala wa sheria hiyo gazeti la Dira lilipigwa marufuku mwaka 2003. Posta na simu ni mambo ya Muungano, kwa hiyo anayeandika mtandaoni anakutana na mamlaka nyingine: kanuni za maudhui ya mtandaoni za 2018 zilimtaka hata mwenye blogu ya mtu mmoja apate leseni na alipe ada kabla ya kuandika. Na wakati wa uchaguzi mkuu wa Oktoba 2025, intaneti ilizimwa katika sehemu kubwa ya Tanzania kwa siku kadhaa, na vijana wako wanaikumbuka hali hiyo pasi na kusomeshwa. Wape vile vipimo vinne, wavitumie wenyewe katika kila moja ya mifano hii, na uwaachie wafike kwenye hukumu yao. Mzazi naye mkaribishe darasani siku hiyo. Nadhani wasiwasi wake utapungua akisikia namna wanavyojadiliana.

Jambo moja la wakati wetu linanitia hofu kuliko yote, nami nitakuomba ulitengee kipindi kizima. Tundu la Winston lilihitaji makarani, mitambo ya chapa na tanuri. Julai 2009 kampuni ya Amazon ilifuta kutoka katika vifaa vya kusomea vya wateja wake, wakiwa majumbani kwao, nakala za vitabu walivyokwishavinunua, na miongoni mwao ni riwaya hii hii ya Orwell. Sababu ilikuwa ya haki ya uchapishaji, wateja walirejeshewa fedha zao na mkuu wa kampuni akaomba radhi. Lakini dunia ilikwishaona kwamba kitabu kilicho ndani ya kifaa kinaweza kuondoka usiku bila ya mtu kubisha hodi. Leo habari nyingi za Zanzibar zinatoka mtandaoni peke yake, na habari ya mtandaoni hurekebishwa au huondolewa bila ya kuacha alama. Tofauti yake na karatasi ni kubwa mno. Nakala za magazeti ya zamani zilizomo katika Nyaraka za Taifa pale Kilimani, Unguja, zimepita serikali baada ya serikali, na maneno yaliyomo ni yale yale yaliyosomwa siku yalipotoka. Ukipata nafasi ya kuwavusha vijana wako Unguja, wapeleke huko wakakae na gazeti moja la miaka ya 1950, walisome kurasa zote hadi matangazo ya biashara, kisha wajiulize tukio kubwa la mwaka huu litasomwa wapi na mjukuu wao.

Umeuliza uanze na ipi. Mimi ningeanza na Shamba la Wanyama, tafsiri ya Fortunatus Kawegere ya Animal Farm, iliyochapishwa Nairobi mwaka 1967. Najua kwamba ni hadithi ya wanyama, haina mitambo wala mwaka wa mbele, na mtu anaweza kubisha kuwa si sayansi ya kubuni. Lakini ni fupi, ipo kwa Kiswahili, na kiini cha Wizara ya Ukweli kimo ndani yake katika umbo ambalo hata mwanafunzi wa Kidato cha Pili atalishika: amri saba zilizoandikwa kwenye ukuta wa banda, ambazo kila nguruwe wanaolitawala shamba wanapovunja moja, asubuhi yake huonekana imeongezwa maneno mawili matatu yanayowaruhusu. Wanyama wanahisi kwamba hawakuikumbuka hivyo, ila wengi wao hawajui kusoma, na wanaojua kidogo wanaamini ukuta kuliko kumbukumbu zao. Usiku mmoja unasikika mshindo. Wanatoka na kumkuta msemaji wa nguruwe ameanguka, ngazi imevunjika, na kando yake kuna taa, brashi na kopo la rangi nyeupe lililomwagika. Hawaelewi wanachokiona.

Kituo chako kiwe hapo, Mwalimu, na kwa siku hiyo waache nguruwe, kwa sababu kila darasa huwazungumza nguruwe. Waulize kuhusu punda. Anajua kusoma vizuri kama nguruwe yeyote, na katika usiku ule ni yeye peke yake aliyeonekana kuelewa, lakini alitikisa kichwa na hakusema kitu. Wape insha ya kurasa mbili: punda angesema nini usiku ule, angemwambia nani kwanza, na kwa nini hakusema? Wakishaandika, ndipo uwape riwaya ya Orwell ya 1949 waisome upya, na baada yake Babu Alipofufuka na Walenisi, zote mbili katika muhula mmoja ukiweza. Ya Zamyatin iache kwa wale watakaokuja wenyewe kuuliza kama kuna nyingine.